Binti yangu amekariri vielezi vyote, mbona bado anapata tatu kwa kumi?

Mwalimu, habari ya siku nyingi. Mimi ni msomaji wako wa hapa Kisumu. Nauza mitumba Kibuye, viatu na nguo za akina mama, na safu yako huisoma kwa simu wateja wakipungua. Leo nimeamua nami niandike.

Nina binti yuko Kidato cha Tatu, mwaka ujao ni KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari. Masomo mengine sina shida naye, hata hesabu anajikaza. Kiswahili ndicho kinatusumbua, na ndani ya Kiswahili kuna hivi vitu vinaitwa vielezi. Nilimnunulia kitabu cha marudio, akakaa nacho likizo nzima. Ukimwamsha usiku wa manane umuulize kielezi ni nini, atakujibu bila kukwama: ni neno linalotoa habari zaidi kuhusu kitenzi, kivumishi au kielezi kingine. Aina zake anazo zote, vya namna, vya mahali, vya wakati, vya idadi. Ameandika orodha ndefu akaibandika ukutani juu ya kitanda: haraka, vizuri, nyumbani, jana, sana, ndani, na mengine chungu nzima. Wadogo zake wameishika pia, kwa kumsikia tu.

Juzi wamefanya zoezi, amerudi na alama tatu kwa kumi. Waliambiwa wapigie mstari vielezi. Nakunakilia zile sentensi alizokosa:

"Nyumbani kwetu kunapendeza." Alipigia mstari "nyumbani". Kosa.
"Haraka haraka haina baraka." Alipigia "haraka haraka". Kosa.
"Mwalimu alinunua viatu vizuri." Alipigia "vizuri". Kosa.
"Vijana wale walicheza vizuri sana." Alipigia "vizuri" tena. Hapa amepewa nusu!
"Alipofika Kisumu, mvua ilikuwa inanyesha." Hakuona kielezi, akaacha.
"Samaki waliuzwa ndani ya soko." Alipigia "ndani". Kosa.
"Tulikula ugali kwa mkono." Alipigia "kwa mkono". Kosa, na mwalimu ameandika pembeni kwa wino mwekundu: shamirisho ala.

Sasa Mwalimu, nieleze. "Vizuri" iko kwenye kitabu kama kielezi. Sentensi moja anapewa nusu, nyingine anakatwa. Ni neno lile lile, herufi zile zile! Shemeji yangu aliyekuwa amekuja kututembelea akasema tusijisumbue, Kiswahili ni cha watu wa pwani, sisi watu wa ziwa tushikilie Kiingereza. Binti alisikia, na tangu hapo daftari la Kiswahili halifungui nisipomfokea.

Mimi nimekasirika mbaya. Nilikuwa nimeshaandika ujumbe mrefu wa kuweka kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa lao, mke wangu akaniambia ningoje nikuulize kwanza. Mwalimu wao anamwonea? Kitabu ndicho kibovu? Au ni binti? Na mimi niliyeishia darasa la nane, nitamsaidia vipi na kitu ambacho hata mimi sikijui?

Baba Mitumba, Kisumu

*

Baba Mitumba, mshukuru mama watoto. Ule ujumbe ufute kabla kidole hakijateleza. Nimesoma sentensi zako zote saba na huu ndio uamuzi wangu: kwenye tano mwalimu yuko sawa kabisa, moja ningemtetea binti kidogo, na moja binti amenyimwa haki yake. Nitafika huko. Kwanza kuna jambo la kufanya leo jioni. Ile orodha iliyo juu ya kitanda ibanduliwe.

Silaumu bidii yake. Nalaumu vile vitabu vya marudio vinavyopanga maneno safu kwa safu, hapa vielezi, pale vivumishi, kana kwamba neno huzaliwa na aina yake na kuzikwa nayo. Maneno machache yako hivyo kweli. "Kamwe" na "aghalabu" hutayakuta yakifanya kazi nyingine. Lakini yale yanayopendwa na watunzi wa mitihani ni yale yanayobadilika, na yanapendwa kwa sababu hiyo hiyo. Binti anaingia kwenye sentensi akitafuta maneno aliyoyakariri. Akiona "vizuri" anapiga mstari na kusonga mbele, hajatazama neno linafanya nini pale lilipo.

Wewe una bahati ambayo wazazi wengi hawana, nayo ni kibanda cha mitumba. Mwite binti Jumamosi akae nawe, kisha ushike rinda, suruali na jozi ya viatu. Mwambie asifie bidhaa. Atasema: rinda zuri, suruali nzuri, viatu vizuri. Ulivyobadilisha bidhaa, na neno limebadilika. Zuri, nzuri, vizuri. Linamfuata mwenyewe kila aendako. Hicho ni kivumishi.

Sasa mwambie asifie ushonaji. Rinda limeshonwa vizuri. Suruali imeshonwa vizuri. Viatu vimeshonwa vizuri. Bidhaa zimebadilika mara tatu na "vizuri" haikutikisika. Haina habari na rinda wala suruali, inaeleza namna ushonaji ulivyofanyika. Hicho ni kielezi.

Kisha mpe sentensi hii aitazame kwa makini: "Viatu vizuri vimeshonwa vizuri." Weka rinda mahali pa viatu. Inakuwa "Rinda zuri limeshonwa vizuri." La kwanza limesogea, la pili limebaki pale pale. Akiliona hilo kwa macho yake, hatahitaji kukariri tena, na utaona pia kwa nini alikosa ile ya tatu. "Mwalimu alinunua viatu vizuri." Badilisha viatu uweke kofia: "Mwalimu alinunua kofia nzuri." Neno limehama, kwa hiyo ni kivumishi, linasifu viatu. Lakini "Vijana wale walicheza vizuri" ukiifanya "Timu ile ilicheza vizuri", neno halibanduki.

Na atambue mtego ulipo. Mtunzi wa mtihani hakuchagua viatu kwa bahati. Alichagua nomino ya ngeli ya KI-VI makusudi, kwa sababu huko kivumishi na kielezi huvaa sare moja. Vitabu vizuri, visu vibaya, kikapu kidogo. "Kidogo" nayo ni ile ile: kwenye "kikapu kidogo" ni kivumishi, mteja akikuambia "punguza kidogo" ni kielezi. Akikutana na nomino ya KI-VI, kabla ya kupiga mstari aibadilishe kichwani aweke ya ngeli nyingine. Ni kazi ya sekunde mbili.

Ikifika saa nane na viatu vya maana vimekwisha, mwambie tena: "Vizuri vimenunuliwa, vibovu vimebaki." Hapo "vizuri" imesimama peke yake mahali pa nomino, na walimu huiita kiwakilishi. Swali la kutumia neno moja kama kivumishi, kielezi na kiwakilishi ni la kawaida kwenye mitihani. Atakuwa amelijibu akiwa amekaa juu ya bunda la nguo.

Nikiwa bado hapa, umeniandikia "nimekasirika mbaya", na nimekuelewa sawasawa. Kisumu wanasema hivyo, Nakuru utasikia mvua imenyesha mbaya, na huku kwetu Kakamega vijana wamecheka mbaya. Mtaani neno hilo limeshakuwa kielezi cha kiasi na mimi sina ugomvi nalo. Karatasi ya mtihani ndiyo hailitaki. Huko binti aandike "nimekasirika sana", na "vibaya" ailinde kwa mambo kama "aliumia vibaya". Linaloniwasha masikio ni "anaimba mzuri", "amecheza mzuri", ambalo siku hizi nalisikia hata kwa watu wenye vipaza sauti mkononi. Mwimbaji ni mzuri. Anaimba vizuri.

Sasa "nyumbani" na "haraka haraka". Hapa jicho liende kwenye kitenzi, tena mwanzoni mwake, pale kiambishi cha nafsi au ngeli kinapokaa, aulize kinamfuata nani. "Nyumbani kwetu kunapendeza." Hiyo "ku" ni ya nani? Ni ya nyumbani. Ungesema "nyumba yetu" ingekuwa "inapendeza". Hata "kwetu" imemfuata nyumbani. Basi nyumbani ndiye mwenye sentensi, ndiye anayependeza, kwa hiyo hapo ni nomino ya mahali. Linganisha na "Tulirudi nyumbani." "Tu" ni sisi. Nyumbani imekuja nyuma kueleza tulirudi wapi, na hapo ni kielezi cha mahali bila ubishi.

Hali ni hiyo hiyo kwa methali. "Haraka haraka haina baraka." Nani hana baraka? Haraka. Kitenzi kinamtii yeye, kwa hiyo ni nomino. Mtoto akimeza chai ili asikose gari la shule, "alikunywa haraka haraka", hapo ni kielezi cha namna. Watunzi wanapenda methali kwa sababu wanafunzi wamezizoea na hawazitazami. Mwulize binti kuhusu "Leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo." Je, "leo" hapo ni kielezi cha wakati? Akisema ndiyo, rudini kwenye kitenzi. Na Kisumu yenyewe! "Kisumu ni jiji" ni nomino. "Amehamia Kisumu", sasa inatuambia amehamia wapi, inafanya kazi ya kielezi.

Ile ya "vizuri sana" usiilalamikie nusu yake. Vielezi vilikuwa viwili, akaona kimoja. "Vizuri" inaeleza walichezaje, na "sana" haielezi kucheza, inaeleza huo uzuri ulikuwa wa kiasi gani. Imeegemea kielezi chenzake. Kumbe ile tafsiri anayoimba usiku wa manane ina maneno "au kielezi kingine", na siku kielezi kingine kilipomjia mbele ya macho hakukitambua! Hapo ndipo kukariri kunapoishia. Mwulize pia "sana" imeegemea nini kwenye "kijana mrefu sana", na "pe" imeegemea nini kwenye "shati jeupe pe". Vyote viwili vinaegemea kivumishi. Kisha mlinganishe na "alilala fofofo", "alikataa katakata", "soko lilijaa pomoni", ambavyo vinaegemea kitenzi. Vielezi vya namna hii vina raha yake, kila kimoja kina kitenzi chake kilichokizoea, na mtu akisema "alilala pomoni" utacheka kabla hujajua unacheka nini.

"Alipofika Kisumu" ni swali gumu kidogo, lakini ni halali. Mvua ilikuwa inanyesha lini? Alipofika Kisumu. Hiyo "po" ni ya wakati, na kipande chote hicho, kitenzi na mahali pamoja, kinafanya kazi ambayo "jana" au "asubuhi" ingeifanya. Binti hakukiona kwa sababu orodha yake ni ya neno moja moja, na kielezi si lazima kiwe neno moja. Kama darasa lao halijafika kwenye vishazi, yaani vipande vya sentensi vyenye kitenzi chake, mwalimu angengoja kidogo. Kama limefika, hakuna la kusema.

"Ndani ya soko" ndiyo ile ambayo ningemtetea. "Ingia ndani", hapo "ndani" ni kielezi na imetosha. Ikifuatwa na "ya" na nomino, "ndani ya" huwa kihusishi, neno la kuonyesha uhusiano na nomino inayofuata, na kundi zima, "ndani ya soko", ndilo linalotuambia samaki waliuzwa wapi. Alipaswa kupiga mstari mpaka mwisho. Hata hivyo jicho lake lilikuwa limefika mahali panapostahili, kalamu ndiyo ilikatiza. Mimi ningempa nusu. Mwalimu wake ni mkali kuniliko, na ukali si uonevu. Maneno kama "juu", "chini" na "karibu" yote yana tabia hii. "Anaishi karibu", kielezi. "Anaishi karibu na Kibuye", ukome kwenye Kibuye. Na "Karibu ndani!" ni jambo jingine kabisa.

Tumefika kwenye "kwa mkono", na hapa binti yuko sahihi.

Mwalimu ameandika "shamirisho ala", na hajasema uongo. Shamirisho hutaja kitu kinachotendwa, anayetendewa au chombo kinachotumika. Mkono ndio chombo tulichotumia kula, na ukiulizwa shamirisho za sentensi hiyo, ugali ulioliwa ni kipozi na mkono ni ala. Lakini hayo ni majina ya kazi ambayo kipande kinafanya katika sentensi. Swali liliuliza aina, liliuliza vielezi. "Kwa mkono" inatuambia tulikula vipi, na vitabu vya shule za Kenya huweka "kwa kisu", "kwa kijiko", "kwa mkono" kwenye vielezi vya namna, tawi la vitumizi, yaani vinavyotaja kilichotumika. Kipande kimoja kinaweza kuwa na jina la aina na jina la kazi kwa wakati mmoja bila kugombana. Alistahili alama yake.

Sasa, kuipata. Aende yeye, si wewe, na si kundi la WhatsApp. Ukiliweka kule, kufikia jioni mjadala hautakuwa wa vielezi tena, utakuwa wa nani amemdharau nani, na binti yako ndiye atakayekaa darasani kesho yake. Aende wakati wa mapumziko na daftari lake, aseme hivi: "Mwalimu, naomba unisaidie. Kwenye swali hili sijaelewa tofauti ya kielezi cha kitumizi na shamirisho ala." Asiseme "umenikosea". Mwalimu anayeijua kazi yake ataona mwenyewe. Akikataa kubadilisha, si neno. Alama moja ya zoezi haiendi popote, na binti atakuwa amejua jambo ambalo wenzake hawajalijua.

Shemeji yako mwambie, kwa upole wa kishemeji, kwamba Katiba ya 2010 haikusema Kiswahili ni lugha ya pwani. Ilikitaja kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, kwa maana hiyo ni cha ziwa pia. Mtoto wa Mombasa anayezungumza kama maji ya mfereji akiulizwa "nyumbani kwetu kunapendeza" naye huanguka shimo lile lile, kwa sababu kusema lugha na kuichambua ni kazi mbili. Na nyumbani kwenu vielezi vinatumika kila siku. Ukimhimiza mtoto kwa Dholuo afanye upesi, humwambii "piyo piyo"? Ukimtahadharisha aende taratibu, si "mos mos"? Hivyo ni vielezi, tena vimerudiwa vile vile kama "haraka haraka" na "polepole". Binti anavijua tangu akiwa mgongoni. Mwambie hilo mbele ya shemeji, asikie kwa sikio lile lile lililosikia lile jingine.

Umeuliza utamsaidia vipi na uliishia darasa la nane. Kazi yako ni kuuliza tu. Mkiwa mnasikiliza mpira redioni, hasa ile siku ya Gor Mahia na AFC Leopards ambapo mtangazaji hapumui, chukua kila kitenzi akitupacho na umwulize: vipi? wapi? lini? mara ngapi? "Ameupiga kwa mguu wa kushoto, juu kabisa!" Kaupiga vipi? Kwa mguu wa kushoto. Wapi? Juu. Juu kiasi gani? Kabisa. Jibu la swali lako ndilo kielezi. Ukimwuliza "ameupiga nini" akajibu "mpira", hapo ametoka kwenye vielezi, huyo ni shamirisho.

Jihadhari na swali la idadi. "Mchezaji amefunga mabao mawili." "Mawili" si kielezi ingawa ni hesabu, inahesabu mabao, na ungeweka penalti mahali pa mabao ingegeuka kuwa "mbili". "Amefunga mara mbili", sasa inahesabu kufunga, na ndiyo kielezi cha idadi. Wengi hupoteza alama hapo.

Akishaizoea michezo hiyo, mpe neno "tu" alichezee, kwa sababu kutambua kielezi ni nusu ya kazi, nusu nyingine ni kujua kinafanya nini kikihamishwa. Jioni mkifunga kibanda, jaribuni: "Mimi tu nimeuza viatu leo." Maana yake majirani hawakuuza. "Nimeuza viatu tu leo." Nguo zimelala. "Nimeuza viatu leo tu." Wiki yote iliyotangulia hukuuza. "Tu" hubana neno lililotangulia, na ukilisogeza, hasara inahama kutoka kwa jirani kuja kwako. Vielezi vya wakati havina makali hayo. "Jana niliuza viatu" na "Niliuza viatu jana" ni kitu kimoja, isipokuwa kwamba akiona kielezi mwanzoni mwa sentensi asidhani kimeacha kuwa kielezi, na kwenye uchanganuzi bado atakiandikia E, yaani kielezi.

Kuhusu KCSE, usimtie hofu, lakini ajue uzito. Katika Karatasi ya Pili, matumizi ya lugha yana alama 40 kati ya 80. Vielezi havina sehemu yao humo. Vinajipenyeza kwenye uchanganuzi wa sentensi, kwenye kutunga, kwenye kutofautisha, kwa hiyo anayevielewa hupata alama mahali ambapo hata hakuulizwa vielezi kwa jina.

Nawaachia sentensi moja ya Jumamosi. Aandike kwenye karatasi, apige mistari, kisha akutetee kila mstari kabla hujamwonyesha ninachoandika chini yake: "Jumapili ni siku nzuri Kibuye, lakini Jumapili iliyopita mvua ilinyesha ghafla, nikauza jozi mbili tu."

Jumapili ya kwanza ni nomino, ndiyo iliyo siku nzuri. "Kibuye" inaeleza ni nzuri wapi, kwa hiyo kielezi cha mahali. "Jumapili iliyopita" ni kielezi cha wakati, maneno yote mawili pamoja. "Ghafla" ni namna, "tu" ni kiasi. Akipigia mstari "nzuri", weka soko mahali pa siku mwone kama halitageuka kuwa "zuri". Na akikuambia "mbili" ni kielezi cha idadi, mwulize kinachohesabiwa hapo ni jozi au ni kuuza.